Dawa moja, macho mawili

Jambo la wiki hii lilitoka kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Mama mmoja aliinua mkono akauliza hivi: "Mwalimu, mdogo wangu aliumwa jicho, likawa jekundu, mboni ikawa ndogo kama kichwa cha sindano. Munganga wa macho akamwandikia matone ya kortizoni, akamwambia ayatie kila saa. Mtoto wangu naye ana macho mekundu tangu miaka miwili. Ninamtilia matone yale yale ya kortizoni, nilinunua kwenye farmasi ya kona, na anapata nafuu. Lakini nilipompeleka kwa munganga yule yule, alishika kichupa changu, akanigombeza, akasema niache leo leo. Sasa dawa hiyo ni nzuri ao ni mbaya? Nani ananidanganya?"

Wengi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu darasani ninawajua watoto watatu wanaobeba kichupa cha namna hiyo ndani ya kartable, pamoja na kalamu. Siku ile nilijibu kwa maneno machache, mvua ilikuwa inakuja. Leo nataka nijibu vizuri. Ninayoandika ni yale wanganga wa macho wanayofundisha pamoja na yale ya vitabu vya biolojia. Mimi ni mwalimu, na karatasi hii haiwezi kupima jicho la mtu.

Tuanze na mboni yenyewe. Mchana simama karibu na mlango, shika kioo kidogo, uangalie jicho lako. Katikati ya ile pete ya rangi, ambayo kwetu karibu wote ni ya kahawia, kuna duara nyeusi kabisa. Hiyo ndiyo mboni. Ni tundu, na weusi wake ni giza la ndani, sawa vile dirisha la nyumba linavyoonekana jeusi mchana ukiwa nje. Funika jicho kwa kiganja, hesabu mpaka kumi, kisha ondoa mkono: utaona tundu linakaza upesi. Pete ile ina misuli ya aina mbili. Mmoja unazunguka tundu kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Mwingine umenyooka kama vyuma vya mwamvuli, unavuta tundu lifunguke. Mwangaza ukiwa mwingi, kamba inakaza. Giza likiingia, vyuma vinavuta. Wanafunzi wangu wakifanya jaribio hili darasa linageuka soko kwa nusu saa, lakini kwenye mtihani hakuna anayelisahau.

Kwa kawaida mboni mbili za mtu zinalingana. Karibu mtu mmoja kwa watano ana tofauti kidogo tangu zamani, isiyofika milimita moja, na hana ugonjwa wowote. Lakini mboni ambayo jana ilikuwa sawa na mwenzake na leo imekuwa ndogo, tena ndani ya jicho jekundu linalouma, hiyo ni habari nyingine.

Ndiyo habari ya yule mdogo wake mama. Pete ya rangi ya jicho lake ilikuwa imevimba na inawaka. Wanganga wanaita ugonjwa huo uveiti, na ikiwa ni pete yenyewe wanaita iriti. Wekundu wake haufanani na ule wa jicho lenye usaha. Unakaa hasa kuzunguka pete, kama ukingo wa sahani. Matongotongo ni machache ao hakuna. Jicho linauma ndani, maumivu yanapanda mpaka kwenye nyusi, mwangaza unachoma, na mgonjwa anakaa amejifunika kitenge kichwani katika chumba chenye giza. Anaona kama kuna ukungu.

Kwa nini mboni inakuwa ndogo? Pete ikiwaka, ule msuli wa kamba unakaza na hauachii. Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi. Pete iliyovimba inatoa ndani ya jicho maji mazito yanayonata kama uji wa kubandika karatasi, na nyuma yake, karibu sana, kuna lensi. Basi pete inanata juu ya lensi. Ukimulika kwa tochi siku kadhaa baadaye, utaona mboni si duara tena, ina pembe na makunyanzi kama jani lililoliwa na mdudu. Na jicho lina maji yake, yanayotengenezwa nyuma ya pete, yanapita katika mboni kwenda mbele, halafu yanatoka kwa vichujio vidogo vya pembeni. Pete ikinata mzunguko mzima, njia imefungwa. Maji yanajaa, tansio ya jicho inapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unaanza kufa. Ninaposema tansio ya jicho, si ile ya damu wanayopima kwenye mkono. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine.

Ndiyo maana munganga alikuwa na haraka, na ndiyo maana alitoa dawa mbili, si moja. Kortizoni inazima moto. Dawa ya pili, atropini ao mwenzake, inaifungua mboni kwa nguvu ili isinate, na kuupumzisha msuli uliokaza, ndipo maumivu yanapungua. Yule dada alilalamika kwamba mboni yake imekuwa kubwa kama ya paka usiku na hawezi kusoma ujumbe kwenye simu. Ni kazi ya atropini hiyo. Inaweza kukaa siku nyingi, hata wiki moja, kisha inaisha. Avae miwani ya jua ao kofia akitoka. Na kichupa cha atropini kiwekwe juu kabisa, mbali na watoto, kwa sababu mtoto akikinywa ni sumu.

Kuhusu kuitia kila saa: siku za kwanza ndivyo ilivyo, moto ni mkubwa. Baadaye munganga anapunguza polepole, mara sita kwa siku, mara nne, mara mbili, na kazi yote inaweza kuchukua wiki nyingi. Hapa wagonjwa wengi wanaanguka. Siku ya tano jicho ni jeupe, maumivu yameisha, pesa zimepungua, mtu anaacha. Moto unarudi, na mara ya pili pete inanata pale ambapo mara ya kwanza haikunata.

Kitu kingine ambacho munganga mzuri anafanya ni kuuliza maswali yanayoonekana hayana uhusiano na jicho. Unakohoa? Mgongo unakuuma asubuhi? Ulipata vidonda? Ngozi ina mabaka yasiyosikia mguso? Si udadisi. Uveiti inaweza kutoka kwa kifua kikuu, kaswende, toksoplasmosi, virusi vya herpesi, magonjwa ya viungo. Inaweza kutoka kwa onkoserkosi, ugonjwa wa inzi wadogo weusi wa mito ya maji ya kasi, ule ambao tunapewa ivermektini kwa ajili yake vijijini. Kampuni iliyotengeneza dawa hiyo, Merck, inaitoa bure tangu 1987. Inaweza pia kutoka kwa ukoma. Congo yetu bado iko kati ya nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi wa ukoma, na kwa mgonjwa wa zamani mboni inaweza kupungua polepole, mwaka baada ya mwaka, bila wekundu wala maumivu makali, mpaka ikawa kama nukta ya kalamu. Mtu wa namna hiyo anaona vizuri kidogo kwenye mwangaza, na jioni anakuwa karibu kipofu. Mara nyingi pia uveiti haina sababu inayoonekana, wanapima wasipate kitu. Lakini lazima wapime kwanza, kwa sababu kuzima moto bila kumtafuta aliyeuwasha kunaweza kumpa nguvu.

Sasa tumgeukie mtoto.

Macho ya mtoto wa mama yule yanawasha. Neno ni hilo: yanawasha. Hayaumi ndani, hayaogopi mwangaza kwa kiasi kile, na mboni zake zote mbili ni sawa, zinakaza na kufunguka vizuri. Anayasugua kutwa, hasa wakati wa joto na vumbi. Weupe wa jicho umekuwa kama wenye udongo, na pembeni mwa pete kuna uvimbe mdogo mdogo kama jivu lililoganda. Asubuhi anatoa uzi mweupe wa kunata. Wanganga wetu wanauandika kwa herufi nne, LCET, na ni ugonjwa wa watoto wa nchi za joto, wavulana zaidi kuliko wasichana. Ni mwili unaokataa vumbi na vitu vingine vya hewani. Unaanza utotoni, unaenda na kurudi miaka mingi, na mara nyingi unaisha mtoto anapobalehe. Hauambukizi. Nalisema kwa sauti kwa walimu wenzangu pia, kwa sababu kuna masomo ambako mtoto wa macho mekundu anarudishwa nyumbani wiki nzima kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza, anapoteza hesabu na Kifaransa bure.

Ukimtilia mtoto huyo kortizoni, mwasho unaondoka kwa siku mbili ao tatu. Kweli kabisa, mama hakusema uongo. Mtoto analala, jicho linakuwa jeupe, jirani anasifu dawa. Mtego uko hapo hapo. Vile vichujio vya pembeni nilivyovitaja, vinavyotoa maji ya jicho, kortizoni inaviziba taratibu. Kati ya watu wanaotumia matone haya kwa wiki kadhaa, karibu mmoja kwa watatu tansio yake inapanda, na karibu mmoja kwa ishirini inapanda sana. Kwa watoto inaweza kupanda upesi zaidi na juu zaidi kuliko kwa watu wazima. Na haiumi. Hakuna wekundu, hakuna machozi. Jicho linaonekana zuri kuliko zamani huku mshipa wa nyuma unakufa, uzi baada ya uzi. Ugonjwa huo ni glokoma. Unaanza kula pembeni mwa kuona na kuacha katikati kwa mwisho.

Nilikuwa na msichana wa darasa la tano. Aliandika vizuri kutoka kwenye tablo, alisoma kitabu bila shida, nani angefikiri ni mgonjwa wa macho? Lakini alijikwaa juu ya kartable za wenzake kila akipita katikati ya viti. Mpira ukija kutoka upande wa kushoto ulimpiga usoni. Rafiki akimpa kifutio kutoka pembeni, mkono ulibaki hewani. Wenzake walimwita mwenye majivuno, eti hasalimii. Ilipopimwa, jicho la kushoto lilikuwa limebaki na kuona kwa mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mama yake, mwuzaji wa maharagi, alimtilia matone ya kortizoni asubuhi na jioni kwa miaka mitatu, bila kuruka siku hata moja. Hakuna mtu aliyemwambia kitu. Alinunua, wakamuuzia. Siku hizi msichana anatia matone mengine ya kushusha tansio, na kile kilichopotea hakitarudi. Operesheni inaweza kuokoa kilichobaki tu.

Mambo ya lensi ni tofauti kidogo. Kortizoni ikitumika muda mrefu inaweza pia kuiharibu lensi, ikawa na ukungu, ule ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Ukimulika, mboni inaonekana ya kijivu ao nyeupe badala ya nyeusi. Huo operesheni inauponya mara nyingi, ingawa mtoto mdogo akicheleweshwa, jicho linaweza kuzoea uvivu.

Basi huyu mtoto afanyiwe nini? Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, mara nyingi kwa siku. Hakigharimu kitu na kinatuliza kuliko watu wanavyofikiri. Kunawa uso na mikono akitoka kucheza. Kofia yenye ukingo. Asikae karibu na moshi wa makala. Asisugue, kwa sababu kusugua miaka na miaka kunaharibu konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kisha kuna matone yasiyo na kortizoni. Kromoglikati ni moja, inatiwa mara nne kwa siku, na inahitaji wiki moja ao mbili kabla ya kuonyesha nguvu. Wamama wengi wanaiacha siku ya nne wakisema haifai kitu. Kuna pia matone ya kuzuia mwasho yanayofanya kazi haraka zaidi, kama ketotifeni. Na wakati mwingine munganga mwenyewe ataandika kortizoni kwa mtoto wa LCET, kama konea imeanza kupata kidonda cha mzio na hali ni mbaya. Lakini ataiandika kwa siku chache zinazohesabiwa, na atakupa tarehe ya kurudi kupima tansio. Hiyo tarehe ni sehemu ya dawa.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, hakuna aliyekudanganya. Munganga alikuwa na macho mawili mbele yake. Moja lilikuwa na moto ndani ambao ungelipofusha kwa wiki chache, na yeye alikuwa analisimamia, anapima, anapunguza. La pili lilikuwa na mwasho usiopofusha kwa haraka, na dawa ambayo hakuna anayeisimamia kwa miaka miwili. Kama bado hujaenda kumpimisha mtoto tansio ya jicho, nenda, hata kama umekwisha kuacha matone na jicho ni jeupe.

Kuna jicho la tatu nisilotaka kulisahau. Mtu yuko shambani, jani la muhindi linamkwaruza, jioni jicho ni jekundu. Ao mtu amepata vipele vya homa mdomoni, kisha jicho moja linauma na kutoa machozi. La kwanza linaweza kuwa na kuvu kwenye konea, la pili linaweza kuwa herpesi. Hapa kortizoni inayotiwa bila kupima ni hatari kuliko pote. Inapunguza wekundu, inawalaza askari wa mwili, na kuvu ao virusi vinakula konea kwa raha mpaka inatoboka. Mikojo, maziwa ya mama na maji ya majani yanayotiwa ndani ya jicho yanaingia katika hesabu hiyo hiyo. Najua bibi zetu walifanya hivyo. Najua pia mzee mmoja mtaani kwetu mwenye jicho jeupe kama yai, na kila mtu anajua sababu.

Kwa kina mama wanaopenda kujua vitu vinatoka wapi: mwili wenyewe unatengeneza dawa ya ukoo huu, katika tezi ndogo zilizokaa juu ya mafigo. Mwaka 1948, kule Rochester katika Marekani, munganga Philip Hench alimpa mwanamke mmoja aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo kortizoni iliyotoka kwenye kazi ya mkemia Edward Kendall, na baada ya siku chache mwanamke yule akatembea. Mwaka 1950 wote wawili, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa tuzo ya Nobel. Watu walifikiri wamepata dawa ya kila kitu. Haikuchukua miaka mingi wakaona uso unavimba, mifupa inalegea, sukari inapanda, na macho yanaharibika. Tangu wakati huo tunajua. Ndiyo maana inanikasirisha kuona 2 ao 3 za namna hiyo zimepangwa kwenye meza sokoni, kati ya sabuni na betri.

Na kama tunazungumza sisi kwa sisi, niseme na lile la ngozi. Tube nyingi za kung'arisha zinazouzwa kwetu zina klobetasoli ao betametazoni. Ni kortizoni pia, tena klobetasoli ni kati ya zile kali kabisa. Dada anaipaka usoni kila usiku, mpaka kwenye kope, kwa sababu anataka uso wote ufanane. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, dawa inapita. Wanganga wameona watu wenye glokoma na mtoto wa jicho ambao hawakuwahi kutia tone ndani ya jicho, walipaka tu. Vidonge vya deksametazoni vya kunenepesha navyo vinaingia humo, na hivyo vina tabu ya ziada. Ukivinywa muda mrefu, tezi za juu ya mafigo zinalala, na ukiacha ghafla mwili unaweza kuanguka kabisa. Aliyezoea vidonge hivyo asiache peke yake kwa siku moja. Aende kituo cha afya wampunguzie. Simhukumu mtu kwa rangi anayoitaka, kila mtu na kioo chake. Nasema tu kwamba kwenye meza ya sokoni hakuna anayekuambia juu ya macho.

Mboni ndogo si uveiti kila mara, na hapa nitapita haraka. Mboni mbili ndogo kama nukta kwa mtu aliyetoka kunyunyiza dawa ya wadudu shambani, ana jasho, mate yanamtoka, anatapika, anapumua kwa shida: hiyo ni sumu. Mvue nguo, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, hospitali mara moja, na beba kichupa cha dawa ile wakione. Huko atapigwa sindano ya atropini, ile ile ya matone, kwa kazi nyingine. Mboni mbili ndogo kwa kijana mwenye usingizi mzito anayepumua polepole, waza tramadoli ao dawa za ukoo wake, na usimwache alale peke yake "mpaka itoke", apelekwe. Mboni moja ndogo pamoja na kope ya upande huo iliyoshuka, bila wekundu, inaonyesha mshipa wa neva umeguswa mahali fulani kati ya kifua na kichwa. Inaweza isiume hata kidogo, na inahitaji munganga hata hivyo.

Sasa kichupa. Kabla ya kutia tone lolote, soma majina madogo, yale yaliyoandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Ukiona neno linaloanza na "dexa", "beta", "predni", ao "fluoro" na mwisho wake ni "one", simama. Vichupa vingi vinachanganya antibiotiki na kortizoni pamoja, na mwuzaji anasema tu "ni antibiotiki ya macho". Si uongo, ni nusu ya ukweli. Mtoto wako anayesoma la sita anaweza kukusomea karatasi iliyo ndani ya boksi. Mpe kazi hiyo, ni zoezi zuri la kusoma Kifaransa.

Najua mtaniambia juu ya pesa. Kumwona munganga wa macho kunagharimu kuliko kichupa, na wanganga hao ni wachache, wamejaa miji mikubwa. Anayekaa mbali aanze na kituo cha afya na amwombe infirmye amulike mboni zote mbili kwa tochi na kuandika alichoona. Hakuna mashine hapo, lakini jicho linalouma, linaloogopa mwangaza, lenye mboni ndogo ao yenye pembe, anapaswa kulituma mbele siku hiyo hiyo. Jicho linalowasha linaweza kungoja siku ya soko. Nilipendekeza pia kwenye kamati kwamba mfuko wa likelemba ukubali mkopo mdogo wa macho, urudishwe kwa miezi mitatu, na mama mweka hazina amesema atauleta kwenye mkutano. Mje muunge mkono, maana wengine wanaona jicho si ugonjwa kama halijatoa usaha.

Mukifika kwa munganga, maswali manne yanatosha, na yaandikeni nyuma ya ordonansi: hii ni kortizoni? Nitaitia siku ngapi? Nitaipunguza namna gani? Nirudi lini unipime tansio ya jicho?

Na yule aliyeniuliza mlangoni kama anaweza kumwekea dada yake kichupa kilichobaki nusu: hapana. Kichupa kikifunguliwa kina muda wa wiki nne hivi, baada ya hapo vijidudu vinaingia hata kama tarehe ya boksi iko mbali. Andika kwa kalamu siku uliyokifungua. Wiki nne zikipita, mwaga kilichomo kwenye choo, utupe kichupa, wala usikioshe kwa ajili ya kuwekea kitu kingine.

Wiki ijayo tutaongea juu ya miwani, na kwa nini isiwe aibu kwa msichana kukaa kiti cha mbele.